Mteja Mwepesi

Mwenye duka aliniuliza swali lile lile kila jioni akija kuchukua hesabu: leo umehudumia wangapi? Hakuuliza kama nimekula, wala kama stima ilipotea. Alifungua kitabu, akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu, kisha akaniangalia. Siku ya mistari mingi aliniita msomi. Siku ya mistari michache aliniita msomi pia, ila hapo neno lilikuwa na maana nyingine.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda watu wa nyumbani, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kukaa kwa duka la ajenti wa pesa za simu hapa Kianda, ule upande wa Kibera unaopakana na Olympic. Kuliita duka ni heshima tu. Kilikuwa chumba cha mabati, dirisha la waya, kiti kimoja, simu mbili za kazi, droo yenye kufuli na kile kitabu. Kila mteja aliandikwa mstari mmoja: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Mstari ndio uliokuwa kipimo cha kazi yangu.

Haikunichukua wiki mbili kugundua kwamba kipimo hicho kilikuwa kinapima mtu mwingine. Mimi nilikuwa yule yule Jumanne na Ijumaa, simu ni zile zile, floti ile ile. Lakini kuna siku mistari ilikuwa mara mbili ya jana yake, na tofauti ilikuwa imesimama upande wa pili wa waya. Mteja mmoja anafika kitambulisho kikiwa mkononi, simu imeshafunguliwa kwenye menyu, namba ya ajenti ameisoma ukutani akiwa bado kwa foleni. "Natoa elfu mbili." Meseji inaingia, anaweka sahihi, anapokea, huyo ameenda. Dakika haijaisha. Anayemfuata amesahau kitambulisho kwa nyumba, simu ni ya jirani, hajui kama anaweka au anatoa, na meseji ikiingia ananipitishia simu chini ya waya nimsomee. Huyo ni robo saa, na nyuma yake watu wanaanza kupiga miluzi.

Mama wa chapati hana shida hii. Anaweza kupika chapati sitini kabla mteja wa kwanza hajaamka. Mnunuzi haingii jikoni kwake, hamshiki mkono akikanda. Lakini kinyozi hawezi kunyoa kichwa ambacho hakijafika, na kikifika lazima kikubali kutulia. Kinyozi aliyekuwa jirani yangu pale aliogopa watoto wa nasari kuliko alivyoogopa kanjo. Kichwa kimoja cha mtoto wa miaka minne kilimla muda wa watu wazima watatu, na bei ya mtoto ni nusu.

Chuoni tulikuwa na somo la usimamizi wa huduma, na kitu kimoja kilichobaki kichwani ni makala ya mwaka 1979 katika jarida la Harvard Business Review. Waandishi walikuwa Christopher Lovelock na Robert Young, na ushauri wao kwa wakubwa wa makampuni ulikuwa mfupi: ukitaka kuongeza tija ya huduma, usiangalie wafanyakazi na mashine peke yake, mwangalie mteja. Badilisha saa anayokuja. Mpe sehemu ya kazi aifanye mwenyewe. (Tija ni neno la chuo. Kianda watu husema tu kazi inasonga, au haisongi.) Wale wawili hawakuishia hapo. Walisema mteja habadilishwi kwa amri: lazima kwanza akuamini, ujue mazoea yake, ujaribu kitu chako kabla ya kukimwaga kwa kila mtu, na umfundishe. Mwalimu wetu alipita hiyo sehemu haraka. Mimi pia sikuandika kitu.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani hata mwaka huo. Mwaka 1916, mjini Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama kaunta akataja anachotaka, karani akazunguka kukiletea. Saunders akamruhusu mteja apite mwenyewe kati ya rafu, achukue, abebe mpaka kwa mwenye hesabu. Makarani wakapungua, bei zikashuka. Lakini zile hatua za kutembea kutoka rafu hadi rafu hazikupotea. Zilihama miguu tu. Kenya tuliiona kazi hiyo ikihama kwa wingi zaidi baada ya Uchumi kuanzishwa mwaka 1975, watu wa mjini wakajifunza kusukuma vitoroli.

Kibera haikuhama. Mpaka leo duka la kawaida Kianda lina waya, na unataja kitu kimoja kimoja: sukari robo, mafuta ya thelathini, kiberiti. Mwenye duka anazunguka. Sababu si ushamba. Bidhaa zinapimwa kwa vipande vidogo ambavyo havina pakiti, na mwenye duka hana uwezo wa kuibiwa hata sabuni moja. Kwa hiyo watu wengi wa hapa hawakupitia somo la kujihudumia kwa njia ya supamaketi. Somo lao la kwanza kubwa lilikuja kwa simu.

Wale waliozaliwa baada ya 2000 hawakumbuki vizuri jinsi pesa ilivyokwenda ushago. Wazee wetu walikwenda posta, wakajaza fomu, wakalipa, na aliyetumiwa akasafiri hadi posta ya kwao akasubiri tena. Ama walikwenda Machakos Country Bus jioni na bahasha iliyokunjwa mara nne, wakatafuta dereva wanayemjua, ama anayejulikana na mtu wanayemjua, wakampa na kumwombea. Katika njia zote mbili, kazi ya mtumaji ilikuwa kutembea na kuamini. Kuandika namba na kuhakikisha kiasi kilikuwa kazi ya karani, au ya dereva mwenye kumbukumbu nzuri.

Tarehe 11 Oktoba 2005 majaribio ya M-Pesa yalianza na wateja wasiofika 500 na maduka manane, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia mradi pamoja na Safaricom, waliandika historia hiyo wenyewe mwaka 2007, na inafaa kusomwa kwa sababu hawakujisifu sana. Huduma haikubuniwa kutuma pesa nyumbani. Ilibuniwa ili wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba pesa hadi kwa mkutano wa kikundi.

Wateja walikuwa na mipango yao. Walianza kulipiana mikopo. Walinunulia jamaa zao wa mashambani kredo. Wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwa ajenti wa mwanzo wa safari, wakasafiri mifuko ikiwa mitupu, wakaitoa kwa ajenti wa mwisho wa safari saa chache baadaye, yaani simu imegeuka kuwa mlinzi. Na ukishaweza kulipa ukiwa popote, mkutano wa kikundi unaenda kufanya nini? Hesabu za Faulu zikawa ngumu, na nidhamu ya kikundi, ambayo ndiyo iliyokuwa dhamana ya mikopo, ikalegea. Kwa macho ya waliopanga, wateja walikuwa wanavuruga kazi. Sifa ninayowapa wasimamizi ni kwamba walitazama huo uvurugaji wakakubali kwamba ndio huduma. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo haikuwa mbele tena. Tangazo lilihusu kutuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Sasa hesabu kazi zilizomo katika kutuma. Kuchagua menyu, kuandika namba tarakimu kumi bila kukosea, kuandika kiasi, kuingiza PIN, kusoma tena, kukubali. Hizo zote zilikuwa kazi za karani wa benki, ambaye alisomea, analipwa, na akikosea kuna mkubwa wa kumrekebishia. Zilihamia kwa mtu aliyesimama kwenye matope nje ya dirisha langu. Huduma ikawa nafuu na ya haraka kwa kiasi ambacho benki hazikuweza kukaribia, na sehemu kubwa ya hiyo haraka ilitoka kwa vidole vya watu ambao hawako kwa orodha ya mshahara ya yeyote.

Nani aliwafundisha? Matangazo yalisaidia, na ajenti alitarajiwa kuonyesha mteja mpya. Lakini ajenti analipwa kamisheni kwa pesa iliyowekwa na iliyotolewa. Hakuna kamisheni ya kueleza. Watu walifundishana. Kijana wa Kianda alikwenda Krismasi nyumbani akamwachia mamake simu ya zamani, akakaa naye jioni tatu: hapa bonyeza, hapa usibonyeze, hii namba usimwambie mtu. Mtafiti Olga Morawczynski alifanya kazi yake miaka hiyo ya mwanzo hapa Kibera na Bukura, kule magharibi, ncha mbili za uzi mmoja. Alikuta njia ile ya pesa ikibadilisha mpaka safari: mtu anayetuma kwa simu haendi nyumbani mara nyingi kama zamani, na wake waliobaki mashambani walikuwa na la kusema kuhusu hilo.

Halafu ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliwaka. Maduka yalifungwa ama kuchomwa, reli ya kwenda Uganda iking'olewa na vijana, watu wamefungiwa ndani ya mtaa wao wenyewe. Kwa wengi simu ndiyo ilikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Ndugu walio nje walituma pesa na kredo, na aliyekuwa anajua kutumia alitoa kwa niaba ya ploti nzima. Nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka ni simu moja ikipita mikononi mwa watu wazima. Sidhani kuna tangazo lingeweza kufundisha watu haraka vile.

Makosa yalikuwepo. Ukiandika namba vibaya, pesa ilikwenda kwa mtu usiyemjua, na wewe ukaanza kupigia kampuni, ukasubiri, ukaomba. Yaani lile kosa dogo la kidole cha mteja lilirudi kula muda wa wafanyakazi wa kampuni. Ndipo mwaka 2015 Safaricom ikaleta Hakikisha: jina la unayemtumia linajitokeza kwanza, na una sekunde chache za kusimamisha. Baadaye ikawezekana kuomba pesa irudishwe kwa kutuma ile meseji kwa 456. Tazama vizuri: dawa ya kosa la mteja ilikuwa kumpa mteja kazi nyingine, ya ukaguzi. Ni dawa nzuri, mimi mwenyewe imeniokoa mara mbili. Lakini inamtaka mteja awe anasoma.

Kuna wakati mteja anakataa kazi. Mwaka 2013 Google na Equity walileta kadi ya BebaPay, ya kulipia matatu kwa kugusa kifaa, na serikali ikatangaza kwamba kuanzia Julai 2014 nauli za pesa taslimu ziishe. Kwa karatasi ilikuwa safi kabisa: kondakta hahesabu chenji, mwenye gari anaona mapato yake yote, foleni inasonga. Kwa gari mambo yalikuwa tofauti. Abiria angetakiwa kubeba kadi, kuijaza, kukumbuka iliyobaki, na kupoteza haki yake ya kusema "niko na thelathini, nibebe." Makanga naye aliona ile pesa ya siku mkononi, ya chai na ya polisi, ikiyeyuka. Kila mtu aliombwa kufanya kazi ambayo faida yake iko kwa mwingine. Kadi hiyo ilifungwa mwaka 2015. Na matatu tayari zilikuwa na mfumo wake wa kujihudumia, ambao hakuna mhandisi aliyeuchora: abiria wa nyuma anapitisha noti mbele, wa katikati anajumlisha "watu watatu hapa," chenji inarudi mkono kwa mkono, na ni nadra sana ipotee.

Narudi dirishani kwangu.

Kulikuwa na shosho aliyekuja kila mwanzo wa mwezi kutoa pesa aliyotumiwa na binti yake aliye ng'ambo. Alikuwa mteja mzito kwa kila kipimo. Alianza na salamu, za watu wote. Kitambulisho kilikuwa ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kibeti, kibeti ndani ya sweta. Hakujua kusoma, na PIN yake alinitajia kwa sauti ya kuhubiri, foleni nzima ikisikia. "Shosho, usiseme kwa nguvu." "Kwani nimeiba?" Nilimwambia abadilishe, nikamwonyesha, akasema atanifikiria. Mwenye duka alimpata siku moja pale na jioni akaniambia, kijana, hii si ofisi ya kanisa.

Kisha akaanza kuja mjukuu wake. Mvulana wa karibu miaka ishirini, mpole, nadhifu. Alikuja na simu ya shosho na kitambulisho cha shosho, akasema miguu inamsumbua. Kanuni inasema mwenye laini aje mwenyewe. Niliijua, ilikuwa imebandikwa nyuma ya kichwa changu. Lakini ilikuwa tarehe tano, foleni imefika kwa muuza makaa, na kijana alikuwa na kila kitu tayari: menyu iko wazi, kiasi anakijua, sahihi anaweka bila kuulizwa wapi. Nusu dakika. Nilimpa. Mwezi uliofuata nilimpa tena, na katikati ya mwezi pia, mara mbili au tatu. Kama ningeulizwa wakati huo mteja wangu bora Kianda ni nani, ningemtaja yeye.

Shosho alikuja mwenyewe mwezi wa tano. Miguu ilikuwa sawa. Alitaka kujua kwa nini binti yake siku hizi anatuma kidogo sana, kama amekosana naye. Nilimwangalizia salio, halafu nikafungua kitabu, nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Namba yake ilikuwepo, tena na tena, na mbele ya kila mstari ile sahihi nadhifu. Nilimsomea tarehe na kiasi. Alinisimamisha kwenye mstari wa nne akauliza, "Huyo ni nani anaandika jina langu?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia kwamba ni mimi niliyetoa pesa.

Hakupiga kelele. Aliniomba nianze tena kutoka mwanzo, polepole, na kila nikitaja kiasi alikunja kidole. Vidole vilipokwisha aliomba nimwandikie jumla kwa karatasi, ingawa hangeweza kuisoma, ili binti yake aisomewe kwa simu. Ilichukua karibu saa nzima. Foleni ilivunjika ikaenda kwa ajenti wa kona. Mwenye duka alipokuja jioni alihesabu mistari kumi na tisa, akauliza nilikuwa nafanya nini siku nzima. Nilipomweleza, kilichomuuma zaidi ni kwamba nimekiri mbele ya mteja. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ametafuta msichana mwingine, mwepesi, aliyemaliza fomu foo juzi.

Sijui kama nilifaa kufutwa kwa kosa lile la mwanzo. Pengine nilifaa. Nilifutwa kwa ile saa moja.

Bado naishi Kianda, na mwisho wa mwezi bado nampitia shosho kumsomea meseji zake, mlangoni kwake. Alibadilisha PIN siku ile ile, akiwa amenigeuzia mgongo na shuka limefunika simu. Ilimchukua majaribio matatu, na mara zote mbili alizokosea alikataa nimsaidie.